Deni na Kituo cha Polisi: Mazungumzo Kuhusu Jirani Yetu Kenya

Mwezi Septemba mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi 2,975,000 za nchi hiyo. Kosa lenyewe halikuwa kukopesha, wala halikuwa kudai kilichokopeshwa. Kampuni hiyo ilikuwa imechukua majina na namba za simu za watu kutoka kwa watu wengine, bila ya ridhaa ya wenyewe, kisha ikawapigia na kuwapelekea ujumbe wa vitisho. Kwa maneno mengine, fedha zilidaiwa kwa kutishwa hata wale ambao hawakukopa.

Habari hiyo ilipita haraka katika magazeti, ikafuatwa na nyingine. Lakini kwa askari, awe wa jeshi au wa polisi, ni habari ya kutuliwa na kutafakariwa, kwa sababu askari yumo ndani yake kwa njia mbili. Yeye ni mtu wa mshahara unaofika kila mwezi, na kwa hiyo ndiye mteja anayependwa kuliko wote na wakopeshaji. Tena yeye ndiye mwenye sare, na sare hiyo ndiyo ambayo mkopeshaji asiye mwaminifu hutamani kuiazima anapokwenda kudai.

Mikopo ya simu haikuanza kama uovu. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza nchini Kenya mwaka 2007, na mwezi Novemba mwaka 2012 benki moja pamoja na kampuni ya simu zilianzisha huduma ya M-Shwari, ambayo ilimwezesha mchuuzi wa sokoni kupata mkopo mdogo bila ya kuvuka mlango wa benki wala kuweka rehani. Ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa mwezi mmoja. Mtu akilitazama tarakimu hilo kwa mwezi huliona dogo. Akilizidisha kwa miezi kumi na miwili hupata asilimia 90, na hapo hutambua kwamba hata huduma iliyosimamiwa na benki halali haikuwa ya bei rahisi.

Nyuma ya mabenki zikaja programu za kampuni ambazo si benki. Hizi hazikuwa chini ya Benki Kuu ya Kenya, hazikuwa na leseni ya kukopesha, na nyingine hazikuwa hata na ofisi inayojulikana. Mkopaji aliombwa kubonyeza neno la kukubali, na kwa kubonyeza huko aliikabidhi kampuni kitabu chote cha simu yake: mama mkwe, mwalimu wa mtoto, kasisi au imamu, mwajiri, na kama mkopaji ni askari, mkuu wa kikosi chake. Siku ya malipo ikipita, majina hayo yaligeuka kuwa silaha. Mwenye kukopesha wa zamani alikuja mlangoni na majirani wakamwona. Huyu wa sasa haonekani, bali huwaita majirani wenyewe waje kumshuhudia mdaiwa akiaibika.

Ni lazima isemwe pia kwamba serikali yenyewe ilichangia, bila ya kukusudia, kuwasukuma watu huko. Mwaka 2016 Bunge la Kenya liliweka kikomo cha riba za benki, kisizidi asilimia nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Nia ilikuwa njema. Lakini mabenki yaliona afadhali kuikopesha serikali na makampuni makubwa kuliko kumkopesha mtu mdogo kwa riba hiyo, na mtu mdogo aliyenyimwa mkopo wa halali akaenda kwenye ule usio na kikomo chochote. Kikomo hicho kiliondolewa mwezi Novemba mwaka 2019.

Kelele za simu, hata hivyo, si jambo zito kuliko yote. Uzito huanza pale mkopeshaji anapochoka kupiga simu na kuamua kwenda kituo cha polisi.

Namna yake inafahamika na kila askari aliyewahi kukaa kaunta. Mdai huja na karatasi, pengine na wakili, pengine na kitu mkononi. Haombi kuandikiwa kwamba amekopesha na hakulipwa, kwa maana anajua kabisa kwamba hilo si kosa la jinai. Husema ametapeliwa. Hutaja kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Basi mdaiwa huitwa kituoni, huketishwa kwenye benchi tangu asubuhi, na jioni huambiwa maneno machache tu: amalizane na mwenzake, ama sivyo atalala ndani. Ikiwa ni siku ya Ijumaa, maneno hayo yana nguvu maradufu. Ndugu zake huuza mbuzi, huchangishana, hulipa pale pale kaunta, na jalada la jinai lililofunguliwa asubuhi halionekani tena. Kama kweli palikuwa na utapeli, malipo hayo yasingeufuta. Kule kutoweka kwa jalada kunaonyesha kwamba lilikuwa jalada la kudaia.

Askari anayekubali kufanya hivyo, hata kama hakupokea chochote, amefanya kazi ya mtu binafsi kwa mamlaka ya umma. Mahakama za Kenya zimesema mara nyingi kwamba mashtaka ya jinai yasitumiwe kuwa fimbo ya kukusanyia madeni. Upo udanganyifu wa kweli, hapana shaka: mtu aliyekopa kwa jina la bandia, au aliyeweka rehani hati ya kughushi, huyo ni mhalifu na ashtakiwe. Lakini mtu aliyekopa kwa jina lake, akakusudia kulipa, biashara ikaanguka au mtoto akalazwa hospitali, huyo ni mdaiwa. Kati ya hao wawili pana mpaka, na mara nyingi wa kwanza kuutambua au kuuvuka si hakimu. Ni koplo wa zamu.

Mpaka huo haukuchorwa na wanasheria wa Nairobi peke yao. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, katika kifungu chake cha 11, unakataza mtu yeyote kufungwa kwa sababu tu ya kushindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Kenya ilijiunga na Mkataba huo mwaka 1972, Tanzania mwaka 1976 na Uganda mwaka 1995. Katiba mpya ya Kenya ya mwaka 2010 ilipotamka kwamba mikataba iliyoridhiwa ni sehemu ya sheria za nchi, haikuchukua hata miezi mingi kabla ya Mahakama Kuu kuulizwa: je, gereza la madai lingali halali? Jaji Martha Koome, ambaye mwaka 2021 alikuja kuwa Jaji Mkuu, aliamua mwaka huo huo wa 2010 kwamba kumfunga mdaiwa aliyekuwa mbele yake kungekiuka Mkataba. Mwaka 2012 Jaji David Majanja alilitazama swali hilo tena, akafikia mahali pa katikati: kifungo cha madai hakikufutwa chenyewe, lakini hakiwezi kutolewa kwa mtu ambaye kosa lake ni kutokuwa na kitu, na mdaiwa ni lazima apewe kwanza nafasi ya kujieleza.

Hivyo ndivyo Sheria ya Mwenendo wa Madai ya Kenya inavyosema ikisomwa yote, na si mstari mmoja mmoja. Mdai mwenye hukumu mkononi ni lazima aionyeshe mahakama kwamba mdaiwa ana uwezo na anakataa, au anataka kutoroka, au anaficha mali. Hakimu ni lazima aandike sababu zake. Kifungo hakipiti miezi sita, na gharama ya chakula cha mfungwa wa madai hulipwa na mdai mwenyewe, si na serikali. Isitoshe, mdaiwa akitoka deni liko pale pale. Ni adhabu ambayo humgharimu anayeiomba, na labda ndiyo maana wadai wengi hupenda zaidi kuitisha kuliko kuitumia.

Na madalali je? Hao nao wana sheria yao, ya mwaka 1996, na kanuni zilizofuata mwaka 1997. Dalali wa mahakama huja kwanza kuorodhesha mali na kutoa ilani ya siku saba, ili mdaiwa apate kuikomboa. Akihofia kwamba atalazimika kuvunja mlango au kwamba patatokea fujo, yampasa aombe mahakamani amri ya kusindikizwa na polisi. Hapa ndipo askari anapoingia kihalali, akiwa na amri ya mahakama, na kazi yake ni kulinda amani ya pande zote mbili. Si kazi yake kubeba kochi. Wala dalali hana ruhusa ya kubeba kila anachokiona: nguo za lazima za mdaiwa na familia yake, sufuria, vitanda na matandiko, na zana za kazi yake, vyote hivyo sheria imevikinga. Cherehani ya fundi ikipakiwa kwenye gari huku askari anatazama, sheria imevunjwa mbele ya macho ya mlinzi wake.

Haya yote yameandikwa. Lakini mama anayeuza mboga Kibera au Kisauni atayajuaje? Mkopeshaji ana wakili wa kudumu na mdaiwa hana nauli ya kwenda mahakamani mara tatu. Hapo ndipo suala la msaada wa kisheria linapokuwa suala la mkate.

Kenya ina historia ndefu katika jambo hili. Kituo cha Sheria kilianzishwa mwaka 1973 na mawakili waliojitolea kuwashauri maskini bila ya malipo, na kimeendelea tangu wakati huo kufundisha wasaidizi wa sheria katika mitaa, watu wa kawaida wanaojua kusoma hati ya wito na kueleza maana yake. Serikali yenyewe ilichukua miaka mingi zaidi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ilipatikana mwaka 2016, nayo ikaunda Huduma ya Taifa ya kuwagharimia mawakili wale wasiojiweza. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini msomaji mwangalifu wa sheria hiyo alikuta orodha ya mambo ambayo Huduma haitayashughulikia, na ndani ya orodha hiyo, pamoja na kodi na kashfa, yalikuwemo masuala ya kudaiana madeni na ya kufilisika.

Pengine waliotunga walifikiri juu ya wafanyabiashara wakubwa wanaodaiana mamilioni, wakaona si haki hazina ya umma iwalipie mawakili. Fikira hiyo haina ubaya. Ila neno deni lina upana: limewafunika pamoja mwenye kiwanda na mwenye genge. Yule ambaye deni la shilingi 4,000 linaweza kumvunjia nyumba aliachwa nje ya mlango uliojengwa kwa ajili yake.

Wasaidizi wa sheria wakalazimika kutafuta njia za pembeni, na hapo ndipo ufundi wao ulipoonekana. Kama suala la deni halisaidiwi, basi lile la kudhalilishwa si suala la deni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ilimpa kila mtu haki ya kulalamika kwa Kamishna bila ya ada na bila ya wakili, na malalamiko yanapaswa kuamuliwa ndani ya siku 90. Mdaiwa, na hata jamaa yake aliyepigiwa simu bila ya hatia, hupeleka picha za ujumbe aliotumiwa, namba zilizompigia na tarehe zake. Kamishna anaweza kutoza faini hadi shilingi milioni tano, au asilimia moja ya mapato ya mwaka ya kampuni, kile kilicho kidogo, na anaweza kuamuru fidia. Faini ya Septemba 2023 ilitokana na watu wa namna hiyo, ambao walihifadhi ujumbe badala ya kuufuta kwa aibu.

Bunge nalo liliamka. Marekebisho ya Sheria ya Benki Kuu yalianza kutumika mwezi Desemba mwaka 2021, na kanuni zake zikatoka mwezi Machi mwaka 2022. Tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kukopesha kwa simu bila ya leseni ya Benki Kuu. Kanuni zinakataza vitisho, matusi, kupekua kitabu cha simu cha mkopaji ili kuwapigia jamaa zake, na kumwanika hadharani. Tena zimewafikishia wakopeshaji hao kanuni ambayo mabenki yalikuwa nayo tangu mwaka 2007, kwamba mkopo ukishashindikana, riba haiwezi kupita kiasi cha msingi kilichokuwa kimebaki siku uliposhindikana. Aliyebakiwa na shilingi 8,000 za msingi hawezi kudaiwa riba inayozidi 8,000 nyingine, mbali na gharama za kudaia. Wako watu waliokuwa wakidaiwa mara tano ya walichokopa, nao hawakujua kwamba tarakimu hilo halikuwa na nguvu ya sheria.

Leseni kumi za kwanza zilitolewa mwezi Septemba mwaka 2022, na kufikia mwaka 2025 walioidhinishwa walikuwa wamepita mia moja. Mwezi Desemba mwaka 2024 sheria nyingine ilipanua mamlaka ya Benki Kuu ili yawafikie wakopeshaji wengine wasiopokea amana, hata kama hawatumii simu.

Ipo pia Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Nairobi mwaka 2021, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Huko mtu husimama mwenyewe bila ya wakili na shauri linapaswa kumalizika ndani ya siku 60. Lakini upanga huo una makali pande zote mbili. Mkopeshaji naye huutumia, na kwa wepesi zaidi. Mdaiwa anayeitupa hati ya wito kwa hofu hukuta hukumu imekwisha kutolewa asipokuwepo, na riba ambayo angeweza kuipinga kwa dakika kumi imekuwa amri ya mahakama. Msaidizi wa sheria yeyote atasema kwamba nusu ya kazi yake si kubishana na wadai. Ni kumshawishi mdaiwa aifungue bahasha.

Kwa upande wa askari anayekopa, liko jambo moja la kuangaliwa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inakataza makato ya mshahara kuzidi theluthi mbili, ili mfanyakazi abakiwe na kitu cha kula. Lakini sheria hiyo hiyo inasema haiwahusu wanajeshi wala polisi. Kinga yao hutegemea taratibu za utumishi wao, na taratibu ni za kuulizwa ofisini kabla ya kutia sahihi, si baada yake. Huko Uganda Sheria ya mwaka 2016 inayowahusu wakopeshaji binafsi iliwakataza kushika kitambulisho cha taifa, pasipoti au kadi ya benki ya mkopaji kuwa dhamana. Sheria haikatazi jambo lisilotendeka. Ilikatazwa kwa sababu wako watumishi wa umma waliokuwa wakitoa kadi zao pamoja na namba ya siri, na mwisho wa mwezi mkopeshaji ndiye aliyekwenda kupokea mshahara.

Wala mpaka wa Namanga au Sirari hauzuii programu ya simu. Mwezi Novemba mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila ya leseni, ambayo hutakiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Mikopo ambayo wananchi hapa wameipa jina la kausha damu haikuhitaji kuelezwa na mgeni. Tanzania nayo ina Sheria ya Msaada wa Kisheria, ya mwaka 2017, inayowatambua wasaidizi wa kisheria katika wilaya.

Haya hayana maana kwamba aliyekopa asilipe. Mkopeshaji mwaminifu, na chama cha akiba na mikopo chenye wanachama wake, vyote hufa kama madeni hayalipwi, na wanaoumia ni wenye akiba zao. Mdai ana haki yake na mlango wake ni mahakama. Anachokosa ni haki ya kutisha, ya kuaibisha, na ya kuiazima sare.

Mdaiwa wa Kenya aliyetishiwa kupigwa au kuchukuliwa mtoto wake akifika kituoni, lile analolishitaki, tofauti na lile la mdai wake, ni jinai halisi. Anastahili kusikilizwa, maelezo yake yaingizwe katika kitabu cha matukio, na apewe namba ya taarifa ile. Namba hiyo, iliyoandikwa kwa kalamu ya askari wa zamu katika kipande cha karatasi, ndiyo anayokwenda nayo kwa msaidizi wa sheria kesho yake asubuhi.